Klachi ya Baba

Gari la baba lilikuwa refu. Nasema refu nikimaanisha kwamba ukiliegesha Manundu, hapa kwetu Korogwe, taa za mbele tayari zinamulika Segera na bomba la moshi bado linawaaga watu wa Masuguru. Milango miwili tu, kama kabati la nguo. Injini ya silinda nane, ambayo ikinguruma kuku wa mtaa mzima wanasahau mayai waliyotaka kutaga. Na kiti cha mbele, familia ya watu sita ingehamia pale na vyombo vyao na bado wakapata chumba cha wageni.

Lilitoka Marekani. Alilileta mzungu wa mashine, aliyesimamia kiwanda cha kusindika mkonge, ile mitambo tunayoiita korona tangu kabla ugonjwa haujaja kutunyang'anya jina. Baba alikuwa dereva wake. Usukani ulikuwa kushoto, kama magari ya kwao, na mzungu akaona atatuua wote njiani, basi akaamuru karakana ya shamba iuhamishie kulia. Wakauhamisha. Pedali zikahama, vyuma vikarefushwa, na gari likawa la kulia kwa nguvu za mafundi wa mkonge. Mzungu alipoondoka kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia baba gari pamoja na funguo. Baba akaliendesha miaka mingi, kisha likachoka, likafunikwa turubai pembeni mwa nyumba yetu, na sisi tukakua tukidhani kila nyumba ina kilima cha turubai.

Kilicholiondoa turubai ni simu ya shangazi.

Shangazi yangu wa Handeni, dada mkubwa wa baba, ndiye pekee aliyekuwa amebaki na baba katika watoto wa bibi. Siku alipoolewa, baba aliomba ruhusa kwa mzungu, akampeleka dada yake kwa mume ndani ya gari lile. Shangazi alitusimulia mara elfu moja: watoto walikimbia nyuma ya vumbi, wazee wakatoka msikitini kabla ya dua, na ng'ombe wakaacha kula wakasimama kutazama. Sasa alikuwa kitandani, macho yameondoka, na miguu nayo ikayafuata. Akapiga simu. Baba aliiweka sauti ya juu kwa sababu masikio yake yeye ndiyo yalikuwa yameanza kuaga.

"Mdogo wangu," shangazi akasema, "njoo na lile gari. Macho sina, lakini masikio ninayo. Nataka nikusikie unavyoingia."

Baba akasema anakuja.

Nilifikiri ni maneno ya wazee kwenye simu. Nikamshauri tupande Kosta asubuhi, kabla ya saa sita tuko Handeni, jioni tuko nyumbani. Baba alinitazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Ndugu yangu hajaniomba niletwe," akasema. "Ameniomba nije."

Nami namjua baba. Ukijaribu kumgeuza akishasema, ni heri ukaugeuze mto Pangani urudi Kilimanjaro, utamaliza mapema.

Lazima niseme pia kwamba baba mwenyewe alikuwa ametoka kuugua. Alianguka bafuni kabla ya mwezi wa Ramadhani, zahanati wakasema presha, wakampa dawa, akainuka. Mdomo uliokuwa umekwenda upande ukarudi mahali pake. Mkono ukarudi. Kilichobaki ni ndala ya kushoto tu. Ilikuwa inamvuka njiani bila yeye kujua, anaingia sebuleni mguu mmoja una ndala, mwingine peku, na sisi tunacheka. Mimi ndiye niliyesema kwamba ndala ile imezoea kulala nje kama mume mhuni, na baba akacheka kuliko wote.

Tukamwita fundi. Huyu ana gereji yake palepale Manundu, chini ya mabati manne yanayovuja hata jua. Alizaliwa laini moja na mimi, zile nyumba za wafanyakazi wa mkonge zilizopangwa kama meno, na siku ya jando baba ndiye aliyempakata. Kwa hiyo baba yangu ni baba yake, na gari lile alilitamani tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Alipolifunua turubai aliligusa boneti kwa kiganja kama anapima homa.

Injini iliamka. Hilo lilitushangaza wote, pamoja na panya waliokuwa wakiishi ndani. Kilichokataa ni klachi.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo tulipopotelea. Klachi ya gari lile haina mafuta wala waya. Ni vyuma vitupu vinavyosukumana. Unakanyaga pedali, fimbo inasukuma mtaimbo uliolala kukatisha chini ya injini. Mtaimbo unajizungusha, unasukuma fimbo ya pili, na hiyo inasukuma uma ulioko kwenye giaboksi. Uma ukisogea vya kutosha, injini inaachana na magurudumu na gia inaingia kimya. Usiposogea vya kutosha, gia inalia kama mbuzi anayeburutwa machinjioni. Na kwa kuwa karakana ya shamba ilihamisha pedali kutoka kushoto kwenda kulia, mtaimbo wa baba ulikuwa mrefu kuliko wa gari lolote la aina ile duniani. Hakuna duka lenye spea yake. Hakuna kitabu kinachoutaja.

Fundi akaushusha. Bushi, zile pete zinazoushikilia pande zote mbili, zilikuwa zimelika, mtaimbo unacheza kama jino la mtoto. Akaenda kuzikereza mpya za shaba. Sahani ya klachi iliyokuwa imeshikana kwa kutu ikabadilishwa, akaipata Kabuku kwa mafundi wa malori ambao wana kila kitu isipokuwa usingizi. Akafunga, akapaka grisi, akafuta mikono. Baba akaletewa kiti chake, yaani akaingia kwenye gari, kwa sababu kile ndicho kilikuwa kiti chake.

Kwetu kitanda cha baba hukilali na kigoda chake hukikalii, hata akiwa safarini. Kigoda kinabaki pale ukutani kitupu, mgeni anasimama, na hakuna anayeona ajabu. Ukikikalia baba angali hai, ni kama umeshamtoa. Kiti cha dereva kilikuwa hivyohivyo. Tangu utoto wetu hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa, na sisi tulikuwa watoto ambao tungethubutu kupanda juu ya treni. Mimi naendesha gari, baba mwenyewe alinifundisha, lakini kwa lori la shamba. Fundi naye, mtu aliyekupakata jandoni humkalii kiti chake. Siku ya kwanza alijaribu kupiga magoti mlangoni na kuikandamiza pedali kwa mkono. Ilikuwa ngumu, springi za gari lile ni za tembo, mkono haukufua dafu. Akainuka akacheka, akasema hii inataka mguu wa mwenyewe.

Basi baba akakaa, akashika usukani, uso wake ukawa wa kijana. Fundi na mimi tukajilaza chini, tumetazama juu kwenye uma.

"Kanyaga, Baba," fundi akasema.

"Nimekanyaga."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini. Unataka nitoboe nikukanyage na wewe?"

Tukacheka chini ya gari. Lakini uma ulikuwa umesogea unene wa sarafu tu. Baba akajaribu gia ya kwanza na mbuzi akalia mtaa mzima.

Fundi akasema mwendo unapotea njiani. Mguu unautoa, vyuma vinaula. Ilikuwa hoja safi kabisa na ningeitetea popote, kwa maana mimi nimesoma. Nilimaliza kidato cha nne nina mvi, masomo ya jioni, kwenye dawati lililotengenezwa kwa mtoto wa darasa la pili, magoti yangu yakiwa karibu na masikio. Somo lililonikamata ni fizikia, na ndani ya fizikia ni nyenzo. Mtu akiniuliza egemeo ni nini, anajitafutia kuchelewa nyumbani. Nilichora mtaimbo ule ubaoni kwenye duka langu la vifaa vya umeme, wateja wakidhani nimeanza dini mpya, nikathibitisha kwamba ndiyo, mwendo unapotea.

Tukarefusha fimbo ya kwanza. Baba akakanyaga, sarafu ileile. Tukarefusha ya pili. Sarafu. Fundi akasema labda egemeo la upande wa injini limekaa pembe, akalikata, akalichomelea upya. Baba akasema sasa pedali imekuwa ngumu zaidi. Tukatoboa tundu jipya kwenye mkono wa mtaimbo ili iwe nyepesi. Ikawa nyepesi, na uma ukasogea kidogo kuliko mwanzo, kama nilivyojua utafanya, maana ndivyo nyenzo zilivyo: unachokipata kwa nguvu unakilipa kwa mwendo. Tukarudisha tundu la zamani. Tukaushusha uma wenyewe, tukaugeuza, tukauwekea kipande cha bati chini. Kila mara tunajilaza, kila mara fundi anauliza mpaka chini, na kila mara baba anajibu mpaka chini, na kwa kweli alikuwa anaamini. Nilimwona jasho likimtoka. Mtu hatoi jasho la namna ile kwa kudanganya.

Shangazi alikuwa anapiga simu kila Ijumaa. Mwanzoni alikuwa anapiga mwenyewe, anatania: fundi gani huyo, au mnamlisha vizuri mno hataki kumaliza? Baada ya muda akawa anashikiwa simu na mjukuu wake, sauti inatoka mbali kama iko chini ya mfuniko wa chungu. Baba anamwambia fundi anamalizia. Anasema kwa furaha, kwa sababu asubuhi hiyo tumebadilisha kitu na anaamini leo ndiyo leo.

Nilikwenda Handeni peke yangu kumwangalia. Nilimkuta ameisha. Nilivyozoea kutia chumvi ningesema alibaki kiasi kwamba ungeweza kumkunja ukamweka mfukoni, lakini pale kitandani sikuona cha kuongeza. Nikamwamkia shikamoo. Akanishika mkono akaupapasa mpaka kiwiko, akihakikisha ni mimi.

"Limepona?" akauliza.

Nikamwambia wiki ijayo, Shangazi. Akaniambia amewaambia wa nyumba ile kwamba wakisikia mlio wamwamshe hata kama amelala, maana siku hizi analala hovyo.

Nilirudi Korogwe nikamwomba baba tena. Nilimwambia hali nilivyoiona, bila chumvi. Nikasema kuna magari ya kukodi, nitaendesha mimi, tutakwenda kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, akaenda kukaa kwenye kiti chake, mlango wazi, mguu mmoja nje. Nilimwona kupitia dirishani akiinama kuitazama pedali. Akainyanyua suruali kwenye goti la kushoto kama mtu anayevuka maji, akakanyaga, akasubiri, akakanyaga tena. Ndala ilikuwa imebaki sebuleni.

Ningeijua maana yake kama mtu angenionyesha kwa mguu wa mtu mwingine. Lakini ule ulikuwa mguu wa baba. Ulikuwa umekanyaga klachi za malori ya mkonge tangu sijazaliwa, na kwangu mimi kila chuma cha gari lile kingeweza kuharibika, mguu haukuwemo katika vitu vinavyokaguliwa.

Fundi aliacha utani. Hiyo ndiyo dalili mbaya, fundi wetu anayekaa kimya ni kama redio iliyozimwa msibani. Alikuwa anakuja jioni akimaliza kazi zake, anajilaza chini, anatazama uma bila kushika spana. Siku moja akafungua kila tulichokibadilisha. Fimbo akazirudisha urefu wake, egemeo akalirudisha pembe yake, bati akalitoa. Nikamkuta ananawa kwa petroli.

"Nimelirudisha lilivyokuwa siku ile ya bushi, bwana," akaniambia. "Sina jingine. Mzee utamwambia wewe."

Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia asubuhi.

Simu ilikuja baada ya swala ya alfajiri. Mjukuu wa shangazi alilia kwanza, akasema baadaye, na baba alikuwa amekwisha kuelewa kabla ya neno lolote. Maziko baada ya adhuhuri. Nikaanza kupiga simu huku na huku nitafute gari la kukodi. La kwanza liko Mombo, la pili lina harusi, la tatu dereva wake hapokei. Fundi akaja kutoa pole, akasimama uani mikono nyuma. Baba akatoka amevaa kanzu na viatu vya kufunga, akapita mbele yangu mpaka kwenye gari. Akasimama upande wa kulia. Akaweka kiganja juu ya paa, pale juu ya kiti chake. Kisha akazunguka mbele, na kwa boneti lile ni safari, akafungua mlango wa kushoto akaketi.

"Kaa," akaniambia.

Nikasema, "Baba, hapo ni kwako."

"Kaa. Leo naletwa."

Nikaketi. Kiti kilikuwa na shimo la mwili wake, nami nilikuwa nimekaa ndani ya shimo hilo kama mtu aliyevaa koti lisilo lake. Nikawasha. Nilikanyaga klachi nikijiandaa kwa mbuzi, nikiwa tayari nimekunja uso. Pedali ilikuwa nzito kiasi cha gari lolote la zamani, na ikashuka. Ikashuka, ikaendelea kushuka, ikapita pale ambapo kwa mawazo yangu dunia ilikuwa inaishia, mpaka soli ya kiatu ikagusa sakafu. Nikaweka gia ya kwanza. Iliingia kimya kabisa, kama mkono kwenye mfuko.

Fundi alikuwa ameinama dirishani upande wangu, na nilimwona akitazama mguu wangu, kisha akautazama mguu wa baba upande wa pili. Akajiinua taratibu. Akaenda kusimama nyuma ya gari, amelipa kisogo.

Baba alikuwa anatazama mbele.

Gari lilikwenda. Ningependa kusema lilisumbua, liliwaka moto, lilituacha porini Sindeni tukasukuma. Halikusumbua hata kidogo. Lilipanda na kushuka vilima vile likinguruma sauti yake yote, watu wakitoka madukani kutazama, na kila nilipobadilisha gia nilimwona baba kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameweka kiganja juu ya goti lake la kushoto. Nikikanyaga klachi, anakandamiza goti. Nikiachia, anaachia. Mguu wenyewe ulikuwa umelala pale chini, umegeuka upande kidogo, hausemi lolote.

Tulipoingia kwa shangazi, watu waliokuwa wamekaa kwenye mikeka waligeuka wote pamoja. Mama mmoja wa jirani alishika mdomo. Baadaye, tulipokuwa tunanawa mikono, alinieleza kwamba marehemu alikuwa akiamka usiku na kuuliza kama wamesikia mlio, na kwamba asubuhi ile, gari lilipokata kona ya sokoni Chanika, palepale Handeni, yeye mwenyewe alikuwa ameinuka kwenda kumwamsha. Alipiga hatua moja ndipo akakumbuka.

Tulimzika. Baba alishuka kaburini kwa kushikiliwa na vijana wawili, kwa sababu ni haki yake na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia. Kiatu cha kushoto kilibaki ndani ya udongo, wakakichomoa, wakamvalisha kama mtoto.

Jioni tukarudi. Nilijaribu kusema maneno. Nilisema mvua mwaka huu itawahi, nikasema mahindi ya huku ni mafupi kuliko majani ya kitunguu. Mimi sijawahi kukosa la kusema katika maisha yangu, hata mwalimu wa masomo ya jioni alikuwa ananiomba nipumzike. Kiganja cha baba kilibaki juu ya goti.

Tulipokuwa tunaukaribia mto, akauliza.

"Lilipona lini?"

Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba lilipona siku ile ya bushi, kabla ya Ijumaa zote zile. Nilitazama barabara. Nikatafuta uongo mdogo kuliko wote niliowahi kusema, mimi niliyezoea mikubwa.

"Jana, Baba. Fundi alimaliza jana jioni."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea hesabu na kuiona inakubali. Daraja likatokea mbele yetu, na chini yake maji yale ya rangi ya chai yakienda zao.

"Jana alikuwa hai," baba akasema.

Nikakanyaga klachi kupunguza gia. Na pembeni yangu mkono wake ukakandamiza goti, mpaka chini.